Petroli ya oktani ya chini kwenye pikipiki ya theluji yenye turbo: mwisho wake wapi?

Mvuta_Treki

Wakuu salaam. Naomba majibu ya kifundi, si yale ya "weka tu, itakwenda".

Mashine ni mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani, stroku nne, silinda tatu, turbo ilikuja nayo, noki sensa (ya kusikia injini ikigonga) ipo. Kitabu chake kinadai petroli ya oktani 91 kwa kipimo cha AKI (oktani ni uwezo wa petroli kustahimili kugonga, yaani kulipuka yenyewe ovyo ndani ya silinda). Ya pili ni stroku mbili, silinda mbili, 850, ilitoka kiwandani bila turbo ikafungwa seti ya turbo baadaye. Busti (msukumo wa hewa unaoongezwa na turbo) ni PSI 7, programu ya kompyuta iliandikwa kwa 91 hiyohiyo, na noki sensa haitumiki kabisa. Kipoza hewa, cha kupoza hewa itokayo kwenye turbo, hakuna.

Tunakwenda siku tatu milimani, kati ya mita 2,500 na 3,000, baridi ya nyuzi -10 hivi. Kituo cha mwisho cha mafuta kina 87 peke yake. Tangi la kila mashine ni lita 40.

Je, 87 inavumilika mtu akiendesha kwa adabu? Kuna wanaosema huko juu oktani haina kazi kwa kuwa hewa ni nyepesi, ni kweli? Na zile chupa za kuongeza oktani zina msaada wowote? La mwisho: ndani ya helmeti husikii injini ikigonga, sasa dalili unazipataje mapema?

---

Ringi_Tatu

Kwanza tuelewane kwenye namba, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. 91 ya AKI si 91 ya RON. AKI ni wastani wa RON na MON, njia mbili za kupima oktani, kwa hiyo 91 AKI ni sawa na RON 95 au 96, na 87 AKI ni kama RON 91 au 92. Mtu akisoma "91" kwenye pampu inayoandika RON akadhani kitabu kimetimizwa, amejaza tangi lake petroli ya chini bila kujua. Angalia herufi zilizo karibu na namba kabla hujaangalia namba yenyewe.

Sasa mashine zako. Zitenganishe kabisa, usizipe jibu moja.

Ya stroku nne ina mlinzi. Noki sensa ni kipaza sauti kilichofungwa kwenye bloku, kinasikiliza mlio wa masafa fulani unaotokana na upana wa silinda. Silinda ya milimita 80 hulia kwenye kilohezi 7 hivi. Ikisikia, kompyuta inarudisha taiming (wakati wa plagi kuwasha) nyuma digrii kadhaa na nyingine zinapunguza busti pia. Ila hili watu hulisahau: sensa husikia kugonga kulikokwisha kutokea. Kisha kompyuta inaanza kuirudisha taiming mbele kidogokidogo kujaribu kama hali imetulia, injini inagonga tena, inarudi nyuma tena. Ukivuta mafuta yote, yaani mkono wa mafuta hadi mwisho, kwa dakika tatu za kupanda, mzunguko huo unarudiwa mara nyingi. Pistoni haifi siku hiyo. Kuta nyembamba za mifereji ya ringi ndizo zinazochoka, na zikivunjika utadhani ni bahati mbaya ya siku hiyo.

Gharama ya pili ni joto. Taiming ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati vali ya eksozi imeshaanza kufunguka, kwa hiyo joto linalokwenda kwenye turbo linapanda ingawa nguvu imepungua. Turbo imekuwa nyekundu, mwendo hakuna, na mafuta yanakwisha haraka. Kwa mwendo wa njia tambarare, busti ikiwa karibu na sifuri, 87 itakufikisha. Kwa kupanda theluji ya kina, hapana.

Kabla ya yote, soma kitabu: baadhi ya mashine za kiwandani zina mpangilio wa aina ya mafuta kwenye dashibodi, na baadhi vitabu vyake vinaruhusu daraja la chini wakati wa dharura kwa masharti. Kama kitabu kinasema 91 ni ya lazima na hakitaji kingine, chukulia hivyo.

Ya stroku mbili yenye seti ya kufunga: usiweke 87. Hakuna anayesikiliza humo ndani. Kompyuta itawasha pale ilipoandikiwa kuwasha, iwe inagonga au haigongi. Na stroku mbili inawaka kila mzunguko, kichwa cha pistoni hakipati stroku ya kupumzika, upande wa eksozi ndio unaopikwa zaidi. Kutoka kugonga kidogo hadi pistoni kutoboka ni sekunde, wala si saa.

---

Kilele3000

Mnamtisha bure. Vituo vingi vya milimani Marekani huuza 85 kama petroli ya kawaida na magari yanakwenda. Hewa ya mita 3,000 ina msukumo kama theluthi mbili hivi ya ule wa usawa wa bahari. Silinda haijai, haiwezi kugonga.

---

Hesabu_Kwanza

@Kilele3000 hilo ni kweli kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Turbo imefungwa ili iondoe udhaifu huohuo unaoutegemea ukulinde.

Tupige hesabu ya PSI 7. Usawa wa bahari hewa ni kilopaskali 101. Mita 3,000 ni 70. PSI 7 ni kilopaskali 48. Kama busti ya mashine ya pili inashikiliwa PSI 7 juu ya hewa ya nje, basi huko kileleni injini inapata 118. Ni pungufu ya 149 ambayo ingepata pwani, nakubali, lakini bado ni zaidi ya injini isiyo na turbo iliyo usawa wa bahari kwa asilimia 17 hivi. Na hiyo isiyo na turbo, pale pwani, hupewa petroli nzuri.

Halafu kuna joto. Kutoka 70 hadi 118 turbo inabana hewa mara 1.69. Hewa inaingia ikiwa nyuzi -10. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi. Baridi yote unayoihisi usoni imekwisha kabla ya kufika kwenye silinda. Pwani ungebana mara 1.48 tu, kwa hiyo mlima umekupunguzia msukumo na kukuongezea joto la turbo. Kipoza hewa hakuna, umesema mwenyewe.

Mashine ya kiwandani iko vibaya zaidi kwa upande huu. Nyingi zinafuata msukumo kamili, si ule wa juu ya hewa ya nje. Maana yake kompyuta inaiamuru turbo izunguke kwa nguvu zaidi huko juu ili silinda ijae kama ilivyojaa chini. Ndiyo sababu watu wanazinunua. Silinda imejaa vilevile, hewa ni ya moto zaidi, halafu uiwekee 87?

Na nyongeza ndogo kuhusu RON na MON. RON hupimwa injini ya majaribio ikizunguka 600 kwa dakika, hewa ikiwa nyuzi 52. MON hupimwa kwa 900, na mchanganyiko umepashwa hadi nyuzi 149. Kadiri hewa inavyoingia ikiwa ya moto zaidi, ndivyo injini inavyosogea kwenye dunia ya MON, kwa hiyo namba kubwa ya RON peke yake isikulaghai.

---

Kilele3000

Hesabu nimeiona. Nilikuwa nazungumzia zisizo na turbo basi. Ila hata hivyo ya stroku nne itavumilia ukivuta mafuta nusu tu.

---

Dumu_La_Akiba

Kwa nusu ya mafuta, ndiyo. Tatizo ni kwamba klachi ya mkanda haikupi gia ya kuchagua. Ukizama kwenye theluji ya kina, nusu ya mafuta haikutoi, utavuta yote, na hapo ndipo busti inapopanda ukiwa na 87 tangini. Kama una saa ya busti, sheria rahisi ni kutoiacha ipite sifuri. Huna saa, basi huna namna ya kuwa na adabu.

Nije kwenye kuchanganya, maana ndilo jibu la kweli. Oktani ya mchanganyiko wa petroli za kawaida huenda kwa wastani wa lita. Ukifika kituoni na lita 25 za 91 tangini ukaongeza 15 za 87, unapata (25 × 91 + 15 × 87) ÷ 40 = 89.5. Ukifika na 15 za 91 ukaongeza 25 za 87, ni 88.5. Kwa hiyo ongeza mapema mahali penye 91, usisubiri taa iwake. Na beba madumu. Dumu la lita 20 la 91 limefungwa vizuri nyuma lina thamani kuliko chupa zote za dukani.

Chupa: soma maandishi madogo. "Inaongeza pointi 7" mara nyingi ni pointi za sehemu ya kumi, yaani oktani 0.7. Tangi la 87 linakuwa 87.7. Nyingi zinatumia manganizi, na hiyo huacha vumbi la rangi ya tofali kwenye plagi. Ukishaiweka, plagi haisomeki tena vizuri, na kwa injini isiyo na noki sensa plagi ndiyo macho yako pekee. Nyingine zina feroseni, nayo ina chuma, inaacha uchafu wa rangi hiyohiyo.

Petroli ya ndege ya 100LL ina oktani ya kutosha. Nusu kwa nusu na 87 utapita 93. Lakini ina madini ya risasi, inaua sensa ya oksijeni, kwa hiyo kwa ya stroku nne sahau. Kwa ya stroku mbili isiyo na sensa hiyo inawezekana, ila fahamu mambo mawili. Ni nyepesi kwa uzito, nozeli ikifunguka muda uleule injini inapata mafuta pungufu kidogo, na programu yako haijui. Pili, mvuke wake ni mdogo kuliko petroli ya majira ya baridi, asubuhi ya nyuzi -20 itakusumbua kuwaka.

Etanoli nayo. Petroli yenye asilimia 10 ya etanoli inataka mafuta zaidi kwa kama asilimia 4. Ya stroku nne itajirekebisha. Ya pili haitarekebisha chochote, kama iliandikiwa petroli safi basi hiyo asilimia 4 ni upungufu juu ya upungufu. Muulize aliyeandika programu alitumia petroli gani, neno kwa neno. E85 (petroli yenye etanoli nyingi) usiiguse, inataka karibu nusu nzima ya mafuta ya ziada, wala pampu wala nozeli zako hazina uwezo huo.

---

Plagi_Kavu

Swali la dalili limeachwa, nilichukue mimi.

Masikio hayasaidii, treki na upepo vinafunika kila kitu. Tumia vitu vinne, na kimojawapo kikikuambia simama, simama, usisubiri vingine vikubali.

Mizunguko ya injini. Vyuma vya klachi vimepimwa kulingana na nguvu ya injini. Nguvu ikipungua, mizunguko kwenye mafuta yote inashuka. Kama mashine huzunguka 8,000 kwenye theluji ileile na sasa inakaa 7,800, injini imepoteza nguvu. Inaweza kuwa mkanda wa moto, inaweza kuwa theluji nzito, lakini kama umeweka mafuta mapya nusu saa iliyopita, anzia hapo.

Joto la maji pamoja na la eksozi. Hapa wengi wanadanganyika. Wanaangalia saa ya eksozi, wanaona imeshuka, wanashukuru. Injini inapogonga kwa nguvu, joto linaingia kwenye kuta za silinda na kichwa cha pistoni badala ya kutoka nje, kwa hiyo eksozi inaweza kushuka huku maji yakipanda. Saa mbili zikienda pande mbili tofauti ukiwa umevuta mafuta yote, achia mara moja. Kwa ile ya stroku nne inayorudisha taiming ni kinyume: eksozi itapanda.

Plagi. Weka plagi mpya, pasha injini moto kamili, vuta mafuta yote mita 200 hivi mahali salama, kisha zima injini ukiwa bado umevuta, usiiache irudi kwenye sailensa, yaani mwendo wa kunguruma tu bila kuvuta mafuta. Fungua, tumia lenzi ya kukuza mara kumi. Kauri nyeupe iangalie vizuri: vidoa vyeusi kama pilipili manga ni mwanzo wa kugonga. Ukiona vitone vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako imekuja kukusalimia. Hapo huendeshi tena hadi mafuta yabadilishwe na ndani paonekane.

Kamera ya bomba kupitia tundu la plagi. Tafuta ukingo wa kichwa cha pistoni, hasa upande wa eksozi. Sehemu nzima huwa na masizi laini au imeoshwa na mafuta. Iliyogongwa inakwaruzika kama imepigwa mchanga, kijivu cha kuparara. Ukiwa hapo pima na kompresheni ya silinda zote, injini ikiwa ya moto, mafuta yamevutwa wazi. Andika namba kabla ya safari, upime tena baada yake. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda inataka maelezo.

---

Mvuta_Treki

Shukrani wakuu. Nimeamua: ya stroku mbili itabeba 91 yake yote kwa madumu. Ya stroku nne nitaiongeza kwa kuchanganya, nisishuke chini ya 89.

Swali la nyongeza kwa ile ya pili. Nikitaka kinga ya ziada, nipunguze busti kwa springi ya westigeti (vali inayopitisha eksozi kando ya turbo), au nirudishe taiming nyuma?

---

Ringi_Tatu

Busti kwanza. Springi ndiyo sakafu: kama ni ya PSI 4, ukikata kazi ya soleno inayoongoza busti, hewa ya turbo ikaenda moja kwa moja kwenye kopo la westigeti, utapata PSI 4 na haitashuka chini ya hapo. Hakikisha kwanza kompyuta inapima msukumo wa hewa inayoingia. Ikiwa inapima, mafuta yatapungua yenyewe kufuata busti. Ikiwa seti yako ni ya zile zinazoongeza mafuta kwa kufuata mizunguko na nafasi ya mkono wa mafuta tu, injini itapewa mafuta ya PSI 7 na hewa ya PSI 4, italowesha plagi. Hiyo haiui pistoni, lakini itakuacha njiani vilevile.

Taiming nyuma digrii 2 au 3 inapunguza kugonga, kweli, ila eksozi inapanda na turbo haina kipoza chochote mbele yake. Ukiigusa, igusie kwenye meza ya kupimia nguvu, siyo kwenye theluji.

Na klachi. Ukitoka PSI 7 kwenda 4, vyuma vya zamani ni vizito mno, injini itavutwa chini ya mizunguko yake na kufanya kazi nzito pale ambapo eksozi yake haiisaidii. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini ndio chakula cha kugonga, utakuwa umefukuza tatizo mlangoni likaingia dirishani. Punguza gramu moja moja kwa kila mkono, sawasawa mikono yote, hadi mizunguko irudi pale ilipokuwa.

---

Hesabu_Kwanza

Kwa ya stroku nne, kabla ya safari, fungua bomba la hewa baada ya turbo uangalie ndani. Likiwa na utando wa oili, tafuta chanzo: mpira wa kupumulia wa kreki au sili za turbo. Oili inayoingia na hewa inashusha oktani ya mchanganyiko, na hapo hata 91 yako inakuwa si 91. Safisha pia kipoza hewa kikiwa na theluji iliyoganda kwenye mapezi.

Pia shusha vikwaruza barafu kwenye njia ngumu. Rejeta za chini zinapoa kwa theluji inayorushwa na treki, na kwenye barafu tupu hakuna kinachorushwa. Maji ya nyuzi 95 na petroli ya 89 si kitu kimoja na maji ya nyuzi 60 na petroli hiyohiyo.

---

Dumu_La_Akiba

Mawili ya kwenye pampu. Pampu yenye bomba moja kwa madaraja yote hubaki na mafuta ya mteja aliyetangulia ndani ya bomba, pengine lita moja hivi. Kwa gari si kitu. Kwa dumu la lita 10 inakula karibu nusu ya oktani moja. Lita ya kwanza itie kwenye gari linalovuta trela, kisha jaza madumu. Uyaweke chini, siyo juu ya mashine wala kwenye bodi la gari, umeme wa msuguano kwenye plastiki huwasha mvuke.

Na petroli iliyobaki tangu msimu uliopita usiihesabu kuwa 91. Sehemu nyepesi zimeshavukiza, oktani imepungua, na haina mvuke wa kuwasha injini kwenye baridi. Itie kwenye mashine ya kufyeka majani.